Mfupa Wangu na Mfupa wa Mtu Mwingine

Watu wanaojua kwamba nina meno ya kupandikizwa huniuliza swali lile lile: mfupa upi ni bora, wa mgonjwa mwenyewe au wa mtu aliyekwisha kufa? Wananiuliza mimi kwa sababu nimewekewa yote miwili. Mbele, kwenye taya la juu, nina kipande cha mfupa wangu kilichokatwa nyuma ya taya la chini. Chini kushoto, mahali palipokuwa na gego, nilijaziwa chembechembe za mfupa wa mtoaji ninayemfahamu kwa namba tu. Mimi ni mwalimu wa Biolojia, nimefundisha sekondari Dar es Salaam kwa sehemu kubwa ya umri wangu, na jibu langu huwashangaza kidogo. Nawaambia waangalie shimo kwanza, ndipo tuzungumze habari za mfupa wa kulijazia.

Shimo langu la kwanza lilitokana na bodaboda. Gari dogo lilituchomokea Magomeni, kwenye Barabara ya Morogoro, nikaanguka kifudifudi. Jino moja la mbele lilivunjika mpaka kwenye mzizi. Hospitali niliyokimbizwa waling'oa kilichobaki, wakanishona mdomo, wakanipa dawa za maumivu, nikarudi nyumbani. Walinihudumia kwa upole, lakini hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba mfupa uliokuwa umelishika jino lile ungeanza kupungua tangu wiki zile za mwanzo. Nikatengenezewa jino la kuvaa, lile lenye kibamba cha plastiki ya rangi ya waridi kinachokaa kwenye kaakaa, nikarudi darasani. Miaka ikapita. Kibamba kikawa kinalegea, kinarekebishwa, kinalegea tena. Ufizi chini yake ulizidi kudidimia, hata mdomo wa juu upande ule ukaanza kuonekana umebonyea.

Mfupa unaoshika meno upo kwa ajili ya meno. Jino likiondoka, mwili hauoni sababu ya kuendelea kuutunza. Mwaka 2003 watafiti wa Denmark walichapisha vipimo vya watu waliong'olewa meno ya nyuma: katika miezi 12 upana wa ukingo wa taya ulipungua kwa takriban nusu, kutoka milimita 12 hadi karibu 6, na theluthi mbili ya upungufu huo ilitokea katika miezi 3 ya kwanza. Mbele ya taya la juu hali ni ngumu zaidi. Pale ukuta wa mfupa ulio upande wa mdomo mara nyingi haufiki hata milimita 1 kwa unene, na sehemu ya damu inayoulisha hupitia kwenye utando unaozunguka mzizi wa jino. Ukiung'oa mzizi, umeondoa na chakula cha ukuta.

Haya nayasema mapema kwa sababu kwetu jino linalouma hung'olewa. Mtu huenda kwa daktari siku ambayo karafuu na maji ya chumvi vimeshindwa, na akifika, wote wawili, yeye na daktari, wanataka maumivu yaishe. Akitoka pale na pamba mdomoni anahesabu kwamba mambo yamekwisha. Kumbe saa ya mfupa ndiyo kwanza imeanza kwenda.

Daktari niliyemfikia baadaye, mpasuaji wa kinywa na taya, alinipiga eksirei ya pande tatu na kunionyesha kwenye kompyuta. Ukingo wa taya mahali pale ulikuwa umekonda kama milimita 3. Skrubu aliyotaka kuniwekea ilikuwa nene kuliko mfupa wenyewe.

"Mwalimu," aliniambia, "hapa siwezi kuweka kitu. Nikiweka, nitatokeza nje."

Kipandikizi cha jino, kwa asiyekijua, ni skrubu ya titani inayofungwa ndani ya taya ikae mahali pa mzizi. Habari yake huwasimulia wanafunzi wangu kila tunapofika kwenye mada ya mifupa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Msweden mmoja, Per-Ingvar Brånemark, aliweka vifaa vidogo vya titani katika mifupa ya sungura ili achunguze mzunguko wa damu ndani ya mfupa. Alipotaka kuvitoa avitumie tena, vikagoma kutoka, kwa maana mfupa ulikuwa umeshikana navyo. Mwaka 1965 alimwekea vipandikizi mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro ya taya, naye akaishi navyo hadi alipofariki mwaka 2006. Mambo yote ya meno ya kupandikiza yamejengwa juu ya ugunduzi huo: mfupa ulio hai hukubali kuishika titani. Ila lazima uwepo, na uizunguke skrubu pande zote.

Basi ikawa ni kuongeza mfupa. Daktari akanieleza kwamba mfupa wangu mwenyewe ungeweza kuchukuliwa kidevuni, au nyuma ya taya la chini karibu na gego la mwisho, au nyongani kama ungetakiwa mwingi. Nyonga huwa ni ya kazi kubwa. Wagonjwa waliokatwa taya kwa sababu ya uvimbe uitwao ameloblastoma, ugonjwa ambao wapasuaji wetu wanaujua vizuri, hujengewa taya kwa mfupa wa nyonga au wa mguu. Kwa jino moja hakukuwa na haja ya kwenda huko. Kuhusu kidevu, mwenyewe alisita. Utafiti uliofanyika Sweden na kuchapishwa mwaka 2003 ulilinganisha waliokatwa mfupa kidevuni na waliokatwa nyuma ya taya: mwaka mmoja na nusu baadaye, zaidi ya nusu ya wale wa kidevu walikuwa bado na sehemu yenye ganzi au hisia isiyo ya kawaida. Kwa wale wa nyuma ya taya alibaki mtu mmoja tu. Tukakubaliana nyuma.

Nilimuuliza kwa nini asitumie mfupa wa mtoaji, ambao nilikuwa nimeusoma. Alichukua karatasi akachora ukingo wangu ulivyo, mstari mwembamba uliosimama peke yake.

"Hapa hakuna kuta," akasema. "Nikimwaga chembechembe, zitakaa wapi? Mdomo ukisogea nazo zinasogea. Nataka kipande kizima nikifunge kwa skrubu. Vipande vizima vya mtoaji vipo, lakini hapa pa mbele, pembamba hivi, nauamini zaidi wa kwako. Unakuja na seli zake."

Nilifanyiwa kwa sindano za ganzi tu, macho yakiwa wazi chini ya kitambaa cha kijani. Maumivu hayakuwepo. Kilichokuwepo ni mtetemo wa msumeno mdogo nyuma ya taya, ambao sikuusikia kwa sikio la nje kama unavyosikia mashine ya jirani. Ulipita ndani ya mfupa wenyewe hadi kwenye fuvu, kichwa kizima kikawa kinavuma. Halafu ukanyamaza. Daktari akashika patasi nyembamba, akagonga mara chache, nikasikia kitu kinaachia. Muuguzi aliinamisha trei kidogo nikakiona kabla hakijatiwa kwenye maji ya chumvi: kipande cheupe kinachoelekea manjano, kirefu kama ukucha wa kidole gumba, upande mmoja laini, upande wa pili una matone ya damu yanayojitokeza kwenye vitundu vidogo. Miaka yote nilikuwa nikionyesha wanafunzi mfupa mkavu wa mbuzi kutoka kabati la maabara. Huu ulikuwa unatoa damu.

Alikichonga kikae sawa, akakibana kwenye ukingo kwa skrubu mbili nyembamba, akajaza pembeni kwa unga wa mfupa uliobaki kwenye msumeno, kisha akavuta ufizi akaushona juu yake. Sehemu hiyo ya mwisho ilimchukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Alinieleza baadaye kwamba ufizi ukishonwa kwa kuvutwa kwa nguvu, utaachia, na mfupa ukionekana mdomoni ndiyo mwisho wake.

Watu wanaposifu mfupa wa mgonjwa mwenyewe husahau kusema kwamba unatoka na majeraha mawili. Kwangu la mbele lilipona kwa utulivu. La nyuma ndilo lililonitesa. Shavu lilivimba, mdomo ukawa haufunguki zaidi ya upana wa kijiko, nikaishi kwa uji na supu. Upande wa mdomo wa chini ulikufa ganzi kwa wiki kadhaa, nikawa ninakunywa chai huku nimeshika leso, kwa kuwa sikuwa ninasikia inapochuruzika. Ganzi iliondoka taratibu. Daktari alikuwa ameniambia kwamba kwa watu wachache haiondoki kabisa, nami nilikuwa nimetia saini nikijua hivyo.

Wanavyosema wapasuaji kuhusu mfupa huu ni kweli, ninaweza kuwafundisha wanafunzi bila kusita. Una mambo matatu kwa pamoja. Una seli hai zinazojenga mfupa, una protini zinazoita seli nyingine zije kujenga, na una umbile gumu ambalo mishipa mipya ya damu hulipanda. Hakuna chupa ya dukani yenye yote matatu kwa kiwango hicho. Na mwili hauna la kuuliza, kwa kuwa ni mali yake. Hata hivyo seli nyingi za kipande kilichokatwa hufa kabla damu mpya haijazifikia. Kipande huliwa polepole na kujengwa upya, na katika kufanya hivyo hupungua kidogo. Ndiyo sababu daktari mzoefu huweka zaidi ya kinachohitajika, na haachi miezi ipite mingi kupita kiasi kabla ya kufunga kipandikizi. Kwangu alirudi baada ya miezi kama mitano, akafungua, akatoa zile skrubu mbili, akatoboa. Alisema mfupa ni mgumu kama wa taya la chini ulikotoka. Kipandikizi kikakaa.

Shimo la pili lilikuja kwa njia nyingine. Gego langu la chini kushoto, lililokuwa limezibwa zamani, lilipasuka katikati hadi chini. Halikuwa na tiba isipokuwa kung'olewa. Safari hii nilimuuliza daktari kuhusu mfupa kabla hajashika koleo.

Alilitoa kwa kulikata mizizi miwili, mmoja mmoja, bila kupanua shimo. Akachunguza kwa kifaa chenye ncha ya mviringo, akasema kuta zote nne zimesimama na sakafu ipo. "Hapa sina haja ya kukukata mahali pengine," akasema. "Chembechembe za mtoaji zinatosha."

Muuguzi akafungua kichupa cha kioo, kidogo kuliko vya sindano ya pepopunda. Ndani mlikuwa na kitu mfano wa mchanga mweupe wa pwani, nusu sentimita ya ujazo. Maandishi yalisema chembe zake ni kati ya robo milimita na milimita moja. Akamimina kwenye kibakuli, akatia maji ya chumvi, kisha daktari akachota damu yangu iliyokuwa imejaa shimoni akachanganya nayo. Mchanga ukageuka tope zito jekundu. Akaujaza shimoni kwa kijiko kidogo, akikandamiza polepole, akafunika kwa utando akashona. Muda wote ule ulikuwa mfupi kuliko alioutumia kunikata mfupa tu mara ya kwanza. Jioni nilikula wali laini. Kesho yake nilikuwa darasani.

Kabla sijatoka, muuguzi alibandua kibandiko kwenye sanduku la kichupa akakigandisha kwenye faili langu, na cha pili akanipa mimi. Kilikuwa na namba ya mtoaji, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi, na jina la nchi: Marekani. Nilikiweka kwenye pochi, pamoja na kitambulisho.

Mama yangu anaishi Tanga, Ngamiani, na kwa miaka mingi amekuwa miongoni mwa wanawake wanaoitwa kuosha maiti wa kike mtaani. Habari ile sikutaka kumpa kwenye simu. Nilimkuta barazani anasuka ukili, nikamwamkia, nikakaa chini, nikamweleza yote. Hakuacha kusuka.

"Mfupa wa mtu?" akauliza.

"Wa mtu, mama."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Hawasemi."

Akasuka kidogo. "Aliyemuosha alijua kwamba kuna kipande hakipo?"

Katika yote niliyosoma sijakutana na mtafiti aliyeuliza swali hilo, nami naliona ni la haki kuliko mengi wanayouliza. Nilimjibu ninachokijua: kwamba mtu huridhia mwenyewe akiwa hai, au jamaa zake huridhia kwa niaba yake, kwamba baada ya mifupa kuchukuliwa huwekwa vitu vya bandia mahali pake ili mwili ubaki na umbo lake, kisha hurudishwa kwa wenyewe wauzike kwa taratibu zao. Akauliza kama jamaa waliuuza. Nikamwambia sheria ya Marekani tangu mwaka 1984 inakataza kuuza viungo na mifupa ya binadamu kwa ajili ya kupandikiza. Kinachotozwa ni gharama za kuchukua, kusafisha, kupima na kusafirisha. Ninaposema gharama, sitaki msomaji adhani ni ndogo. Kichupa kile kilinigharimu kuliko kung'olewa jino lenyewe, na bima yangu haikulipa hata senti.

Mama hakuridhika na maneno yangu peke yake, na alikuwa na sababu. Katika mafundisho aliyokulia, mfupa wa maiti una heshima sawa na mfupa wa aliye hai. Alimwita Maalim wa mtaa, mzee aliyemsomesha Kurani mdogo wangu. Maalim alisikiliza, akasema suala hili limekwisha kujadiliwa na wanazuoni: katika kikao cha Baraza la Kimataifa la Fikihi kilichofanyika Jeddah mwaka 1988 waliruhusu kupandikiza viungo kutoka kwa maiti kumfaa aliye hai, kwa masharti, na la msingi ni ridhaa ya mwenyewe au ya warithi wake. Heshima ya maiti haivunjwi na tendo la kumsaidia aliye hai likifanywa kwa adabu.

"Basi huyo ana haki kwako," mama aliniambia baada ya Maalim kuondoka. "Muombee."

"Huenda si Mwislamu, mama."

"Mungu anamjua. Wewe muombee."

Ninafanya hivyo.

Wasiwasi wa watu wengi, hata hivyo, hauhusu dini. Wanaogopa maradhi, na hofu hiyo ina historia ya kweli. Mwaka 1988 mamlaka za afya za Marekani zilitangaza kisa cha mgonjwa aliyeambukizwa VVU kwa mfupa aliopandikiziwa mwaka 1984, wakati kipimo cha kuchuja damu kilikuwa bado hakijaanza kutumika. Kisa cha pili, kilichochapishwa mwaka 1992, ndicho ninachokipa uzito zaidi. Mtoaji mmoja aliyefariki mwaka 1985 alipimwa akaonekana hana virusi, kumbe alikuwa navyo. Wagonjwa 4 waliopewa viungo vyake waliambukizwa, na wengine 3 waliopewa mifupa yake iliyogandishwa tu bila kusindikwa. Lakini watu 25 waliopewa mfupa wa mtoaji huyo huyo uliokuwa umetiwa spiriti walipopimwa, hakuna aliyekutwa na maambukizi. Maiti ni mmoja na virusi ni vile vile. Kilichowatofautisha ni namna mfupa ulivyoshughulikiwa.

Mifupa inayotumiwa kwa meno leo hupita njia ndefu. Historia ya mtoaji huchunguzwa, damu yake hupimwa VVU, homa ya ini B na C na kaswende, mafuta na uboho huoshwa, seli huondolewa, mfupa hukaushwa kwa kugandishwa, na aina nyingi humaliziwa kwa mionzi ya gama. Kwa kuwa seli za mtoaji zimeondolewa, mpokeaji hahitaji kufanana naye damu wala kumeza dawa za kuzuia mwili usikatae. Hatari ya kuambukizwa VVU kwa njia hiyo imekadiriwa kuwa chini ya mtu mmoja katika milioni. Ila zipo pia bidhaa za mfupa zinazouzwa zikiwa na seli hai ndani yake, na hizo haziwezi kupitishwa kwenye mionzi, maana mionzi ingeziua seli hizo pia. Mwaka 2021 huko Marekani bidhaa ya namna hiyo, kutoka kwa mtoaji mmoja, ilipeleka kifua kikuu kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo; zaidi ya watu 100 walikuwa wamewekewa. Kwa hiyo mtu akiniambia amewekewa mfupa wa mtoaji na hakuna tatizo, ninafurahi, kisha ninamuuliza ulisindikwa vipi.

Sasa mfupa huo hufanya nini ukishakuwa ndani? Haujengi wenyewe, kwa kuwa hauna seli. Unafanya kazi ya mbao anazogongea fundi ili amwage zege: unashika nafasi, damu inaingia katikati ya chembe, seli zangu zinakuja zinajenga, na seli nyingine zangu zinazila zile chembe kidogo kidogo. Kasi ya kuliwa inategemea ulivyotengenezwa. Mwaka 1965, Mmarekani Marshall Urist alionyesha kwamba mfupa ukiondolewa madini yake kwa tindikali, protini zilizokuwa zimejificha ndani hujitokeza na kuanzisha mfupa mpya hata ndani ya msuli. Kwa meno, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulilinganisha aina mbili katika mashimo ya meno yaliyong'olewa. Baada ya miezi 4 hadi 5, mahali palipowekwa mfupa ulioondolewa madini palikuwa na mfupa mpya hai kama asilimia 38, na palipowekwa wenye madini yake asilimia 25. Wenye madini, kwa upande wake, hushika umbo la ukingo kwa muda mrefu zaidi. Hata kati ya mifupa ya watoaji, basi, kuna kuchagua.

Daktari alipofungua lile shimo la gego ili aweke kipandikizi, alisema mkono wake unasikia tofauti. Mfupa ulikuwa laini kuliko ule wa mbele, na kwenye kile alichokitoa kwa kutoboa zilionekana chembe chache nyeupe ambazo mwili ulikuwa haujamaliza kuzila. Aliamua kukiacha kipandikizi kipumzike muda mrefu zaidi kabla ya kufunga jino juu yake. Upana wa ukingo, lakini, ulikuwa umebaki karibu wote, na sikuwa nimekatwa popote. Leo ninatafuna pande zote mbili za taya bila kuchagua, mahindi ya kuchoma yakiwemo.

Mwalimu mwenzangu alitibiwa kwingine, naye hadi leo ana uchungu moyoni. Alijaziwa shimo, akapona vizuri, na miezi baadaye, akisoma karatasi za malipo, akagundua kwamba utando uliofunikwa juu ya mfupa ulitengenezwa kwa kolajeni ya nguruwe. Ni mtu wa ibada. Hakuna aliyemuuliza, ilhali tando za ng'ombe zipo, na za kutengenezwa kiwandani zipo. Kitaalamu utando ule ulifanya kazi yake bila kasoro. Hata hivyo alinyimwa haki yake, na sioni namna ya kulipunguza hilo kwa kusema kwamba alipona. Mfupa wa ng'ombe nao hutumika sana, uliochomwa ukabaki madini matupu, na wako watu ambao kwa imani yao wangependa kuujua kabla. Kinachoingia katika mwili wa mtu kitajwe jina mbele yake kabla hajapigwa ganzi.

Kwa hiyo, wanaponiuliza upi ni bora, nawajibu hivi. Ukingo ukiwa umekonda na hauna kuta, mfupa wako mwenyewe una nguvu ambayo nimeiona, na utaulipia kwa jeraha la pili. Shimo likiwa bichi na kuta zake zimesimama, kumkata mtu mahali pengine ni kumtesa bure. Wa mtoaji unatosha, mradi ujulikane umetoka wapi na umesindikwa vipi. Na wengi wanaofikia hatua ya kukatwa wasingefika huko kama siku ya kung'olewa jino wangeambiwa kuhusu mfupa.

Ukipanga kung'oa jino, muulize daktari kabla ya sindano: kuta za mfupa zimesimama? Nikitaka kupandikiza jino baadaye, tufanye nini leo? Kama kuna kitu kitawekwa, ni cha binadamu, cha ng'ombe, cha nguruwe au cha kiwandani? Kisha omba kibandiko chake, na ukitunze.